Mbegu na Udongo: Habari ya Ugonjwa wa Pumu

1. Methali mbili

Wazee wetu wana methali nyingi. Moja yasema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Maana yake, mtoto hufuata wazazi wake. Nyingine yasema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Maana yake, mtoto huwa kama alivyolelewa. Mtu akizisikia zote mbili siku moja atauliza: Ipi ni ya kweli? Je, mtoto huwa alivyo kwa sababu ya damu ya wazazi wake, au kwa sababu ya mahali alipokulia?

Leo tutajibu swali hilo kwa habari ya ugonjwa mmoja unaojulikana hapa Nizi, na Bunia, na duniani kote. Ugonjwa huo huitwa pumu. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 duniani walikuwa nao, na watu wapatao 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa hao waliokufa walikaa katika nchi maskini, mahali ambapo dawa ni haba.

Tena tuna sababu nyingine ya kujifunza habari hii. Kuna watoto wenye pumu wanaochekwa na wenzao. Kuna akina mama wanaoambiwa, "Damu yako mbaya ndiyo iliyomharibu mtoto." Na kuna watu ambao, mtoto akikosa pumzi usiku, hukaa kuulizana ni nani aliyemroga. Wakiendelea kuulizana hivyo, mtoto anazidi kukosa pumzi. Asiyejua chanzo cha ugonjwa humlaumu jirani yake. Anayejua hutafuta dawa.

2. Njia ya pumzi

Tunapovuta pumzi, hewa huingia puani, hupita kooni, kisha hushuka katika mrija mmoja mkubwa. Mrija huo hugawanyika kuwa miwili: mmoja kwa pafu la kuume, mmoja kwa pafu la kushoto. Kila mmoja hugawanyika tena na tena, mpaka mirija inakuwa myembamba sana. Mfano wake ni mti uliopinduliwa: shina liko juu, matawi yako chini, na vijitawi ni vingi mno.

Kwa mtu asiye na pumu mirija hiyo iko wazi. Kwa mwenye pumu, mara nyingi kuta za mirija zina uvimbe kidogo, hata siku anapojiona mzima. Siku nyingine kitu fulani huichokoza mirija hiyo. Hapo mambo matatu hutokea pamoja. Kwanza, misuli inayozunguka mirija hukaza, kama kamba inayofunga mdomo wa mfuko. Pili, kuta za mirija huzidi kuvimba. Tatu, makamasi mazito huongezeka na kuziba nafasi iliyobaki. Mtoto hukohoa, hasa usiku na alfajiri. Kifua chake hulia kama filimbi. Kuvuta hewa ni kazi, na kuitoa ni kazi zaidi.

Mnataka kujua anavyojisikia? Chukueni mirija miwili safi ya kunywea, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Fungeni pua kwa vidole, kisha vuteni na kutoa pumzi katika ule mnene. Halafu jaribuni ule mwembamba. Baada ya muda mfupi mtautupa na kupumua kwa nguvu. Lakini mtoto mwenye pumu hawezi kuutupa mrija wake. Yeye asifanye jaribio hili; anajua tayari.

3. Mlinzi anayekosea

Kwa nini mirija ichokozwe na kitu kisichowadhuru watu wengine? Fikirini mbwa wa nyumbani. Mbwa mzuri humbwekea mwizi, na mgeni akija humwacha apite. Lakini yuko mbwa mwingine asiyejua kutofautisha. Akimwona shangazi anakuja na kikapu cha viazi, hubweka, huruka, humwuma. Shangazi hana kosa. Kosa ni la mbwa.

Mwili pia una walinzi wake katika damu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi na minyoo. Kwa watu fulani walinzi hao humkosea mgeni asiye na hatia. Huanza vita juu ya vumbi la nyumba, au unga wa maua, au manyoya ya paka, au uchafu wa mende, au ukungu wa ukuta wenye unyevu. Pengine huanza vita juu ya chakula, kama mayai au karanga. Hali hiyo huitwa mzio. Vita ikiwa puani, mtoto hupiga chafya na pua huchuruzika. Ikiwa machoni, macho huwasha na kuwa mekundu. Ikiwa katika ngozi, hutokea upele wa kuwasha katika mikunjo ya viwiko na magoti. Ikiwa katika mirija ya pumzi, ni pumu.

Mwaka 1966, huko Denver katika Marekani, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wote wawili wenyeji wa Japani, waligundua silaha ya walinzi hao katika damu. Leo huitwa imunoglobulini E. Silaha hiyo si mbaya kwa asili yake, kwani mwili huitumia kupigana na minyoo. Lakini katika mzio inampiga asiyestahili kupigwa.

Tujue pia kwamba si kila pumu hutoka katika mzio. Mafua, moshi, baridi ya asubuhi na mbio za uwanjani huweza kuichokoza mirija hata pasipo mzio wowote.

4. Mbegu

Sasa turudi kwenye swali letu. Hali hii yatoka wapi?

Tuanze na mbegu. Ukipanda maharage mekundu hutegemei kuvuna mtama. Ndani ya mbegu yamo maagizo ya mmea utakaoota. Na mwili wa mtu una maagizo yake pia. Maagizo hayo huitwa jeni. Yamo ndani ya karibu kila chembe ya mwili, na hesabu yake yapata 20,000. Kila jeni huwa mbili mbili: moja imetoka kwa baba, moja kwa mama. Mzazi naye anazo mbili, lakini humpa mtoto moja tu. Kila mtoto hupewa kwa bahati, wala hakuna anayechagua. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hufanana lakini si sawasawa. Mmoja ni mrefu, mwingine mfupi. Mmoja ana pumu, mwingine hana.

Je, iko jeni moja ya pumu? Hapana. Wataalamu wamekwisha kuona zaidi ya mahali 100 katika maagizo hayo ambapo tofauti ndogo huongeza hatari ya pumu. Kila moja huongeza kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu mmoja amepata chache, mwingine amepata nyingi, na karibu kila mtu anazo baadhi. Basi anayemcheka mwenzake kwa ajili ya damu yake ajue kwamba yeye mwenyewe huenda anazo.

5. Kisiwa cha watu wachache

Katika bahari ya Atlantiki, mbali sana na nchi kavu, kiko kisiwa kinachoitwa Tristan da Cunha. Mwaka 1816 askari wa Uingereza walifika huko. Walipoondoka, wachache walibaki na jamaa zao, na baadaye wengine wachache wakaongezeka. Watu wa kisiwa walioana wao kwa wao, na leo wana majina ya ukoo machache tu.

Mwaka 1961 mlima wa moto ulipasuka karibu na kijiji chao. Watu wote, 264, walichukuliwa kwa meli mpaka Uingereza. Waganga wa huko waliwapima, wakashangaa sana kuona watu wengi mno wenye pumu. Mwaka 1963 wengi wao walirudi kisiwani. Wataalamu wengine walikwenda kuwapima tena huko kwao miaka ya 1990, na wakaona dalili za pumu kwa watu wengi sana.

Kisiwa hicho hakina viwanda vikubwa wala barabara zenye magari mengi. Upepo wake watoka baharini. Pumu hii yote ilitoka wapi? Wataalamu wanaamini kwamba baadhi ya wale wazazi wa kwanza walikuwa na pumu, na kwa kuwa watu walikuwa wachache, mbegu yao ilienea kwa watoto na wajukuu. Basi methali ya kwanza inasema kweli: mtoto hufuata wazazi.

Lakini angalieni: wengi, wala si wote.

6. Wakulima wa namna mbili

Sasa tusikie habari nyingine, inayosema kinyume. Huko Marekani wako wakulima wanaoitwa Amish, na wengine wanaoitwa Hutterite. Wote wawili wametoka Ulaya zamani, na mbegu zao za urithi zinafanana sana. Wote hula vyakula vya shambani, hunywa maziwa, na huzaa watoto wengi. Iko tofauti moja kubwa. Waamish hulima kwa farasi, na zizi la ng'ombe liko karibu na nyumba. Watoto wao wadogo hucheza humo tangu siku za kwanza. Wahutterite wana mashamba makubwa ya pamoja yenye mashine, na mifugo iko mbali na nyumba za watu.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza waliyoyaona. Kwa Waamish, watoto kama 5 katika 100 wana pumu. Kwa Wahutterite, watoto kama 21 katika 100. Mbegu ni moja, mavuno ni tofauti! Wataalamu walikusanya vumbi la nyumba za pande zote mbili, wakalitia puani mwa panya. Panya waliopata vumbi la Waamish walikingwa na dalili kama za pumu. Wale wa vumbi la Wahutterite hawakukingwa.

Kwa nini? Kwa sababu walinzi wa mwili huzaliwa wajinga, kama mtoto wa mbwa. Hujifunza kazi yao katika miezi na miaka ya kwanza. Mtoto anayekutana mapema na vijidudu vingi visivyo na sumu, vya zizini na vya udongo, huwazoeza walinzi wake kutambua nani ni mgeni na nani ni mwizi. Basi methali ya pili nayo inasema kweli: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

7. Ng'ambo ya Ziwa Albert

Pengine mtasema: Amerika ni mbali. Basi tuvuke Ziwa Albert tu, tufike Uganda. Huko mganga mmoja, Harriet Mpairwe, pamoja na wenzake, walichunguza wanafunzi wa wilaya ya Wakiso, karibu na Kampala, tangu mwaka 2015 mpaka 2017. Watoto walipita 1,600. Wengine walikuwa na pumu, wengine hawakuwa nayo. Wachunguzi waliwauliza wazazi mambo mengi: Mtoto alizaliwa wapi? Baba au mama ana pumu? Nyumbani mnapikia nini?

Mwaka 2019 walitoa habari zao. Watoto ambao baba au mama yao alikuwa na pumu walikuwa katika hatari zaidi. Hiyo ndiyo mbegu. Lakini waliozaliwa katika mji mdogo walikuwa katika hatari kuliko waliozaliwa shambani, na waliozaliwa katika mji mkubwa walikuwa katika hatari kupita wote. Huo ndio udongo. Na kumbukeni kwamba wakati wa kuulizwa watoto wote walikuwa wakisoma katika wilaya ile ile moja. Mahali walipozaliwa palikuwa pamekwisha kuacha alama.

Habari hii yatuhusu. Watu wengi wa Ituri wamehama mashamba yao. Wengine wamekwenda Bunia kutafuta kazi, wengine wamekimbia vita. Mtoto wa leo haoti katika udongo ule alioota babu yake. Mbegu za watu hazibadiliki kwa miaka 50. Lakini nyumba, hewa, chakula na michezo vyaweza kubadilika upesi sana. Ndiyo maana pumu yaweza kuongezeka mahali fulani ingawa damu ya watu ni ile ile.

8. Mbegu na udongo hukutana

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko yote. Mbegu na udongo havifanyi kazi kila kimoja peke yake. Hukutana, na kimoja hubadili nguvu ya kingine.

Mwaka 2007 wataalamu wa Ulaya waligundua mahali pamoja katika jeni za watu ambapo tofauti ndogo huongeza hatari ya pumu ya utotoni. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Ufaransa walichunguza jamaa nyingi zenye tofauti hiyo. Waliona kwamba hatari yake ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao tangu uchanga wao walikaa katika moshi wa tumbako. Jeni ni ile ile. Moshi uliiongezea nguvu ya kudhuru.

Tena mwaka 2016 wengine waliwaangalia watoto wachanga wa mashambani katika nchi tano za Ulaya. Waliona kwamba watoto wenye tofauti hiyo hiyo ya jeni ndio waliopata faida kubwa kwa kukaa karibu na zizi la mifugo: vifua vyao vililia mara chache zaidi. Je, mnaona ajabu hii? Mbegu moja, katika moshi ilidhurika kupita nyingine, na karibu na zizi ilifaidika kupita nyingine. Basi hatuwezi kuiita mbegu mbaya. Ni mbegu inayosikia sana udongo wake.

Mapacha wanatufundisha neno lilo hilo. Wako mapacha wa sawasawa, ambao jeni zao ni moja. Mmoja akiwa na pumu, mara nyingi mwenzake anayo pia, lakini si kila mara. Kama damu ingekuwa yote, wangeugua wote wawili daima. Kama mahali pangekuwa yote, mapacha wasiofanana wangeugua pamoja mara nyingi sawa na hao. Lakini sivyo.

Basi tukiulizwa ni methali ipi iliyo kweli, tutajibu: zote mbili, zikisomwa pamoja.

9. Udongo wetu hapa Nizi

Hatuwezi kubadili jeni zetu. Udongo wetu twaweza kuutengeneza. Na tuangalie basi nyumba zetu wenyewe.

Moshi wa jikoni. Kuni zikiwaka katika nyumba isiyo na dirisha, moshi hujaa mpaka darini. Mama anayepika huuvuta, na mtoto mchanga mgongoni huuvuta pamoja naye. Mapafu ya mtoto ni madogo na mirija yake ni myembamba, kwa hiyo moshi humdhuru upesi. Pikeni nje au jikoni penye dirisha na tundu la juu. Tumieni kuni zilizokauka vizuri, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Ninyi wasichana na wavulana mnaobeba wadogo zenu, mkae nao mbali na mafiga mpaka chakula kiive.

Moshi wa tumbako. Huu ni mbaya kwa mtoto wa kila damu. Mtu anayevuta sigara asivute ndani ya nyumba wala karibu na mama mwenye mimba. Kumwambia hivyo mjomba au baba si rahisi kwa mtoto. Lakini twaweza kumbeba mdogo wetu na kumpeleka nje kwa adabu.

Vumbi. Wakati wa kiangazi, Desemba mpaka Februari, magari na pikipiki huinua vumbi katika barabara ya Bunia. Tena nchi yetu ni nchi ya dhahabu, na mawe yanapotwangwa kutafuta dhahabu, vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya kila mtu. Mahali pale si pa watoto. Nyumbani, nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Mtoto mwenye pumu asipewe kazi ya kufagia darasa. Apewe kazi ya kufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, au kuteka maji.

Kitanda. Ndani ya vumbi la godoro na blanketi wamo wadudu wadogo sana, wasiofika hata nusu milimita. Hula vijiganda vya ngozi yetu vinavyoanguka. Hawaumi, lakini kinyesi chao huwachokoza sana wenye mzio. Wadudu hao hupenda unyevu. Basi, toeni blanketi na magodoro juani mara kwa mara, yakung'uteni, na kufua kinachofulika.

Labda mmoja atauliza: "Tumesikia kwamba vumbi la zizi lilikinga watoto. Mbona sasa tunakimbia vumbi?" Swali hilo ni zuri. Vijidudu vya zizi humfundisha mtoto mchanga ambaye walinzi wake bado wanajifunza. Lakini walinzi wakiisha kukosea, vumbi humchokoza mtoto mwenye pumu. Na moshi haufundishi neno lolote; huumiza tu, siku ya kwanza na siku ya mwisho. Wala mtu asiseme, "Basi tuache kunawa mikono, tukatae dawa za minyoo." Kipindupindu na minyoo huua na kudhoofisha watoto. Kucheza nje na mifugo ni kitu kimoja. Kula kwa mikono michafu ni kitu kingine.

10. Mwenzako akishikwa

Pumu haiambukizi. Ukinywa katika kikombe cha mwenye pumu, ukilala naye kitanda kimoja, hutaipata. Hapo hutofautiana na kifua kikuu, ambacho huambukiza kwa hewa. Kwa hiyo kila mtu anayekohoa majuma mawili au zaidi aende dispensari apimwe, ili ijulikane ana ugonjwa gani.

Mwenzako akishikwa na pumu shuleni, fanya hivi. Mwite mwalimu mara moja. Mwondoe mgonjwa penye moshi au vumbi. Mketishe wima, usimlaze chali. Wenzake wasimzunguke na kumfungia hewa. Mtulize kwa sauti ya upole. Akiwa na pompa yake ya dawa, msaidie kuitumia. Ikiwa hawezi kusema sentensi nzima, au nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, au midomo yake inageuka rangi, msingoje asubuhi wala msingoje mzee wa dawa za miti. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwa pikipiki au kwa machela.

Dawa za pumu ziko, na nyingi huvutwa kwa pompa. Namna moja hufungua mirija upesi. Namna nyingine hutuliza uvimbe, na hutumiwa kila siku kama mganga alivyoagiza, hata siku mtoto anapojiona mzima. Wengi huiacha hiyo ya pili wakidhani wamepona. Kisha wanashangaa kushikwa tena.

Kwa mtoto mdogo pompa ni ngumu, kwa sababu dawa hutoka kwa kishindo na kubaki kinywani. Kiko chombo cha kusaidia, lakini bei yake ni kubwa. Huko Cape Town, Afrika Kusini, mganga Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya plastiki ya kawaida, ya nusu lita, ya vinywaji baridi. Walitoboa kitako chake tundu la kuenea mdomo wa pompa, wakaziba pande zote hewa isipite. Mtoto huweka kinywa chake kwenye mdomo wa chupa na kupumua polepole. Mwaka 1999 walitangaza kwamba chupa hiyo ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Chupa ambazo twaziona zimetupwa sokoni kila siku zaweza kumsaidia mtoto kupumua! Lakini mganga au mwuguzi aoneshe kwanza namna ya kuitengeneza.

11. Neno la mwisho

Mkulima mwenye akili hakai kuilaani mbegu yake. Huitazama, hujua tabia yake, kisha hutengeneza shamba: hung'oa magugu, huchimba mfereji, hungoja mvua. Hivyo ndivyo inavyopasa jamaa yenye mtoto wa pumu. Mama hana kosa, na baba hana kosa, kwa maana hakuna mzazi anayechagua jeni za kumpa mtoto. Jirani naye hakuroga. Pumu haiulizi mtu ni wa kabila gani, wala ni tajiri au maskini.

Lakini moshi wa jikoni una mwenyewe. Blanketi lenye vumbi lina mwenyewe. Kicheko cha darasani nacho kina mwenyewe. Hayo yamo mikononi mwetu, na twaweza kuanza leo jioni, mama anapowasha moto.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayotokea katika mirija ya pumzi mtu anaposhikwa na pumu.
2. Mzio ni nini? Eleza kwa mfano wa mbwa.
3. Watu wa Tristan da Cunha wanatufundisha nini? Na wakulima wa Amish na Hutterite?
4. Kwa nini hatuwezi kusema kwamba iko mbegu mbaya ya pumu?
5. Tazama jiko la nyumbani kwenu. Moshi hutoka wapi, na mtoto mchanga hukaa wapi wakati wa kupika? Andika maneno machache.
6. Mwenzako ameshikwa na pumu uwanjani. Mwoneshe mwalimu wako, hatua kwa hatua, utakavyofanya.